Rosa, Remmy na Lodi Lofa: walimu wangu wa pembeni

Niseme mapema ili tusije tukagombana: mimi si mtaalamu wa fasihi, wala sijui kuchambua dhamira na maudhui. Mimi ni msomaji tu, tena sugu, wa aina ile ambaye akifungiwa maandazi kwenye kipande cha gazeti husoma kipande kwanza, maandazi baadaye. Nimekulia Mbeya, nikasomea bweni Iringa, na kote huko niliyoambiwa nisome nimeyasahau karibu yote. Niliyokatazwa ninayo kichwani mpaka leo.

Kwetu nyanda za juu kusoma kulikuwa na msaidizi anayeitwa baridi. Mwezi wa sita na wa saba Mbeya si mchezo. Jua likishazama watu mko ndani, mmejifunika mablanketi, redio inakoroma kwa sababu betri zimechoka (mchana zilianikwa juani, lakini wapi!). Hapo ndipo anapoingia Willy Gamba. Elvis Musiba alimzindua jasusi huyu katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na sisi tuliokuwa kilomita zaidi ya 800 kutoka Dar tulisafiri naye mpaka Nairobi, na kwenye Kikosi cha Kisasi mpaka Kinshasa, bila nauli. Ben Mtobwa naye akatupa Joram Kiango. Mpaka kesho pale mtaani utasikia wazee wazima wakibishana nani mkali, Willy au Joram. Mimi ni wa Joram. Willy hakosi hata siku moja, na mtu asiyekosa anachosha.

Vitabu hivyo hatukuvinunua. Mwanjelwa kulikuwa na jamaa aliyevipanga juu ya nailoni, unakodi, unasoma, unarudisha, na ukichelewa unalipa mara mbili. Vilikuwa vimepita mikono mingi hata majalada yalibanduka, yakashonwa kwa uzi wa magunia. Soko lile lilipoungua mwaka 2006 watu walihesabu mitumba, vyombo na mchele. Sikumsikia mtu akihesabu riwaya. Musiba alifariki 2010, Mtobwa 2008, na leo kukipata kitabu chao kilichokamilika ni bahati kama ya kuokota noti njiani.

Sasa Iringa. Pale bwenini, shule naiacha bila jina, matroni alikuwa na pua ya kunusa riwaya. Kwa hiyo tulizivalisha gazeti kama madaftari, juu tukaandika “Siasa”. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipita kwenye vitanda vyetu ikiwa ndani ya joho hilo mwanzoni mwa miaka ya 90. Ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa kusema wazi mambo ya wasichana na wanaume, halafu miaka ikapita, kitabu kile kile kikaruhusiwa na kikawa cha kufundishwia. Matroni sijui kama hiyo habari ilimfikia.

Watu wazima walidhani tunafuata mambo ya chumbani. Wasichana tulifuata Zakaria, baba yake Rosa. Yule baba anayemchapa binti kwa ajili ya barua, anayemchunga kama mbuzi, halafu binti akitoka mlangoni hajui mwanamume ni kitu gani, hajui kukataa, hajui kukubali. Rafiki yangu mmoja alikisoma baada yangu. Kiliporudi, ukurasa wa kile kipigo ulikuwa na neno moja la penseli pembeni: “Baba.” Hakuniambia zaidi, na mimi sikuuliza.

Mwaka 1997 tulimzika. Matangazo ya vifo siku hizo yalikuwa na lugha yake: “baada ya kuugua kwa muda mrefu.” Basi. Kila mtu alijua, kila mtu alinyamaza. Ndiyo maana nikisikia watu wanasema Remmy Ongala alikuwa mcheshi tu, nawaangalia. Mambo kwa Soksi ilizungumzia kondomu wakati ambapo hata nesi aliitaja kwa sauti ya chini. Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Sisi tuliusikia kwenye kanda zilizorekodiwa kutoka kwenye kanda nyingine, sauti imekwaruza kama mtu mwenye mafua, ndani ya basi linalokwea Kitonga. Abiria walicheka. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 ulipotoka, mkoa wa Iringa ndio ulioongoza nchi nzima kwa maambukizi ya Ukimwi, asilimia 15.7. Nilikumbuka kile kicheko.

Lakini msidhani maisha yalikuwa kilio kitupu. Tulikuwa na Sani, bwana! Jina lenyewe limeungwa kutoka kwa waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Ikifika kwetu imechelewa, imekunjwa mara nne, na bado inagombewa. Madenge na utundu wake, Ndumilakuwili anayeng'ata huku na huku, Pimbi na wanawake, Lodi Lofa ambaye jina lake limeshamaliza maelezo. Kila mtaa ulikuwa na Lodi Lofa wake, wa kwetu alikaa jirani na kilabu cha pombe na hakupenda kabisa kuitwa hivyo. Mtu aliyeacha shule darasa la nne, asiyegusa kitabu, alisoma Sani kwa kufuatisha kidole. Wanaodharau katuni wanieleze mtu huyo wangemkamata kwa ndoano gani.

Na nyimbo? Kwangu ni kabati moja na vitabu. Marijani Rajab, aliyefariki 1995, alikuwa mtunga hadithi aliyepewa gitaa. Sikiliza Zuwena, ina watu, ina safari, ina kisa. Wajukuu zake wa sanaa ni hawa wa bongo fleva, wapende wasipende. Mr II wetu wa Mbeya alipokuja na Hali Halisi miaka ya mwisho ya tisini, nilimsikiliza kama ninavyosoma riwaya: huyu mtu anaishije, nani anamwonea? Baadaye, 2010 hadi 2020, akawa mbunge wetu. Willy Gamba hakuwahi kufika huko.

Kitabu ninachokitafuta sasa ni Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, ya 1977, kisa cha kijana anayerithishwa uchawi, tena kutoka upande wetu huu wa Njombe. Nakala yangu imeliwa na unyevu, kurasa za mwisho hakuna. Kuna watu watatu wamenisimulia mwisho wake, na kila mmoja na wake. Kama wewe unayo nzima, uwe Makambako, uwe Tukuyu, sitaki kuazima. Nitakuja mwenyewe, nitakaa hapo hapo barazani, nitasoma kurasa zilizobaki, nitakuachia kitabu chako. Chai ukipenda.