Ekari 1½ inapogeuka 11/2 kwenye mkataba

MIKATABA ya kukodi mashamba, ankara za mazao na orodha za malipo ya vikundi wilayani Handeni na Korogwe sasa huchapwa kwa kompyuta, nyingi zikiwa kazi ya vijana wa steshenari. Mteja huleta karatasi aliyoiandika kwa kalamu, hulipia kurasa zake, kisha huondoka na waraka msafi. Tatizo ni kwamba kalamu huandika alama yoyote, wakati kibodi haina kitufe cha nusu, cha robo, cha mara wala cha nyuzi joto.

Mchapaji asipokiona kitufe hubuni. Chukua mfano wa mkulima wa machungwa wa Kabuku anayemkodisha jirani yake ekari 1½. Mchapaji akipiga moja, kisha moja, mkwaju na mbili bila kuacha nafasi, mkataba utasomeka "ekari 11/2". Anayesoma kwa haraka ataona kumi na moja. Aliyesoma hesabu za sehemu atasema ni tano na nusu. Siku ya kutia sahihi hakuna anayejali, kwa kuwa wote wawili wamelipima shamba kwa miguu, hatua 70 kwa 70 kwa kila ekari, na wanajua linapoishia. Miaka kadhaa baadaye, mmoja akiwa amefariki na karatasi iko mikononi mwa warithi, hatua hizo hazina shahidi. Kinachobaki ni maandishi.

Alama yenyewe ipo ndani ya kompyuta, ila imefichwa. Kwenye kompyuta ya Windows, washa Num Lock, shikilia kitufe cha Alt, piga 0189 kwenye namba za upande wa kulia wa kibodi, kisha achia Alt. Itatokea ½. Namba 0188 hutoa ¼, na 0190 hutoa ¾. Anayeandika vipimo vya ghala atahitaji 0215, inayotoa alama ya mara (×), na 0178, inayotoa mbili ndogo ya mita za mraba (²). Namba zilizo juu ya herufi hazifanyi kazi hii, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Kompyuta ndogo za mkononi mara nyingi hazina namba za pembeni. Mwenye nayo anaweza, akiwa kwenye Word, kuandika 00BD kisha kubonyeza Alt na X kwa pamoja. Maandishi hayo hugeuka ½. Kwenye simu nyingi za kisasa hutosha kufungua ukurasa wa namba na kushikilia 1 kwa muda. Hata hivyo, kwa mkataba wa ardhi, kuongeza maneno "ekari moja na nusu" pembeni ya tarakimu hakugharimu chochote.

Nyuzi joto nazo zina mtego wake. Wapo wanaoandika sifuri na kuipandisha juu ili ifanane na alama halisi. Waraka ukinakiliwa kwenda kwenye ujumbe wa simu, sifuri hiyo hushuka, na maziwa yaliyotakiwa kupozwa hadi 4°C yanaandikiwa 40C. Namba ya alama halisi ni 0176.

Hasara kubwa zaidi, na isiyoonekana, iko kwenye Excel, hasa kwa watunza hesabu wa vikundi na vyama vya ushirika. Wafanyabiashara wamezoea kumalizia bei kwa /=, desturi iliyotokana na Waingereza waliokuwa wakiandika 5/- kwa maana ya shilingi tano kamili. Kwa kalamu ni desturi nzuri, kwani huziba nafasi ya mtu kuongeza sifuri. Kwa Excel, 180,000/= si fedha bali ni maneno, na kompyuta haijumlishi maneno.

Tuseme orodha ina malipo matatu ya mahindi: 180,000/=, 240,000 na 150,000. Jumla sahihi ni 570,000. Fomula ya SUM itatoa 390,000, bila onyo lolote, kwa sababu mstari wa kwanza umerukwa. Katika orodha ya watu watatu kosa litaonekana kwa macho. Katika orodha ya watu mia mbili, mweka hazina atajikuta akituhumiwa kwa fedha ambazo hakuzigusa. Dawa yake ni kuandika TZS mara moja juu ya safu na kuacha tarakimu tupu chini yake. Nusu nayo iandikwe 0.5, kwani 1/2 ndani ya Excel hugeuka tarehe.

Namba za simu za wanaolipwa kwa M-Pesa zinahitaji kinyume chake. Ukiandika namba inayoanza na sifuri, Excel huifuta sifuri hiyo kwa kudhani haina kazi. Ukitanguliza alama ya mkato wa juu ('), ileile ya kwenye neno ng'ombe, namba huchukuliwa kama maneno na sifuri hubaki. Mkato wenyewe hauonekani kwenye karatasi iliyochapishwa.