Wekundu Uliojificha Ndani ya Mchicha

Nunua fungu la mchicha pale Marikiti, Mombasa, utwange majani machache, uyaloweke kwenye spiriti ya duka la dawa, kisha uchuje. Spiriti hushika moto upesi, kwa hivyo kaa mbali na jiko. Maji yatakayotoka ni ya kijani. Ingia nayo chumba cha ndani kisicho na dirisha, kama vilivyo vingi Mji wa Kale, uyamulike kwa ile taa ya urujuanimno ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Kijani hakionekani tena. Maji yanang'aa rangi ya damu. Natamani kila maabara ya shule kisiwani ifanye jaribio hili.

Kinachong'aa ni klorofili. Kiini chake ni pete ya kaboni na naitrojeni iliyoshika atomu ya magnesiamu katikati. Damu yetu ina pete ya ukoo huohuo, ila yake imeshika chuma. Mwaka 1998 watafiti wa vyuo vikuu vya Princeton na Southern California, Marekani, walitumia pete ya ukoo huo yenye platinamu, wakapata tabaka jembamba linalotoa mwanga mwekundu kwa umeme.

Kwa nini platinamu? Umeme unapozichangamsha molekuli, kwa wastani moja tu kati ya nne huwa katika hali ya kutoa mwanga upesi. Tatu hukwama, na nishati yake huishia kuwa joto. Atomu nzito hulegeza kizuizi kinachozikwamisha, na hizo tatu nazo zikawaka.

Lakini mwanga ule ulikuwa wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 hivi, ambako jicho la binadamu huona hafifu. Kwenye 620, nguvu ileile ya mwanga huonekana angavu zaidi ya mara tatu. Tena molekuli ile ilichelewa kuutoa mwanga wake. Umeme ukizidi, zilizochangamka hujazana na kuzimana. Ndipo wabunifu wakahamia iridiamu, iliyo nyepesi ya kuwaka, na wekundu wa vioo vingi vya OLED (vinavyong'aa kwa tabaka kama lile) katika simu zinazouzwa Mombasa leo unatokana nayo.

Nyekundu ina ugumu wake. Nishati yake ni ndogo kuliko ya kijani au buluu, hivyo mitikisiko ya molekuli yenyewe huimeza kwa urahisi. Mbunifu huzikaza sehemu zinazonepa, kisha huweka matawi pembeni ili molekuli zisilaliane, maana zikilaliana huzimana.

Na iridiamu ni adimu. Mwaka 2012 kundi la Chihaya Adachi, Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, lilionyesha molekuli zisizo na metali hizo nzito, ambazo hutumia joto la kawaida la chumbani kuzikwamua zile tatu. Kwa kijani zilifaulu sana. Kwa nyekundu, mitikisiko ingali inasumbua.