Mwanachuo na Utazamaji wa Darasa la Elimu Maalumu katika Shule ya Sekondari

Miongoni mwa kazi anazopewa mwanachuo wa ualimu kabla ya kushika chaki ni kuketi nyuma ya darasa na kutazama jinsi mwalimu mzoefu anavyofundisha. Kazi hiyo ikifanyika katika darasa la sekondari lenye wanafunzi wasioona, viziwi au wenye uoni hafifu, aghalabu mwanachuo hurudi na daftari lililojaa habari za ulemavu: nani haoni, nani hasikii, nani anaongozwa na nani. Habari hizo zaweza kuwa za kweli, lakini hazimfunzi kufundisha. Linalompasa kutazama ni safari ya somo lenyewe: limetoka kwa mwalimu kwa namna gani, limemfikia kila mwanafunzi kwa mlango upi, na limekwama wapi.

Yafaa kwanza ajue mahali aingiapo. Elimu maalumu nchini Tanzania si jambo geni. Shule ya wasioona ya Buigiri, mkoani Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950, na ile ya viziwi ya Tabora mwaka 1963. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya kupata elimu. Walimu wa fani hii huandaliwa katika Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha. Hata hivyo, wako wanafunzi wenye ulemavu ambao huketi katika madarasa ya kawaida pamoja na wenzao, wakifundishwa na mwalimu yule yule wa Historia au wa Fizikia. Kwa hiyo mwanachuo asidhani kwamba jambo hili ni la wataalamu peke yao.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi asiyeona. Maandishi ya nukta nundu yalibuniwa na Mfaransa Louis Braille, aliyechapisha maelezo yake mwaka 1829. Kila alama hutokana na nafasi 6 za nukta, ambazo zaweza kupangwa kwa namna 63. Mwenye kutumia kibao na kalamu ya chuma hudunga nukta moja moja, kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi ili aisome kutoka kushoto kwenda kulia. Mwenye mashine huandika upesi zaidi, maana nukta za herufi nzima hubonyezwa kwa pamoja.

Maarifa haya humpa mtazamaji kipimo. Mwalimu anapoufuta ubao, je, mlio wa kalamu ya chuma umekwisha kukoma? Ikiwa ungali unasikika, basi yupo aliyeachwa nyuma, ingawa hakuna aliyekusudia kumwacha. Mtazamaji asikilize pia maneno kama "hapa", "hii" na "kama mnavyoona". Mwalimu asemaye "gawanya hii kwa hii" amewafundisha wenye kuona tu. Asemaye "gawanya 48 kwa 6" amewafundisha wote, wala hakutumia muda wa ziada.

Kwa mwanafunzi kiziwi mlango wa somo ni macho, nayo macho hayatazami mahali pawili kwa wakati mmoja. Mwalimu akizungumza huku akiandika, na mkalimani wa lugha ya alama akifasiri, mwanafunzi hana budi kuchagua: amtazame mkalimani, asome ubaoni, au aandike. Mtazamaji na ahesabu: ni mara ngapi mwalimu alinyamaza ili darasa liandike? Ni mara ngapi alisema huku ameligeuzia darasa kisogo? Akumbuke pia kwamba lugha ya alama ina sarufi yake yenyewe. Makosa katika insha ya mwanafunzi kiziwi, aliyeandika kwa Kiingereza cha masomo ya sekondari, si ushahidi wa uzito wa akili.

Sasa tuje kwenye uandishi. Daftari ligawanywe safu mbili. Katika safu ya kushoto yaandikwe yaliyoonekana na kusikika, pamoja na dakika yake. Katika safu ya kulia, maana ambayo mtazamaji anadhani inatokana nayo. Kuandika kwamba "mwanafunzi huyu ni mvivu" ni kutoa hukumu. Utazamaji ni kama huu: "Dakika ya 12: mwalimu anachora moyo ubaoni. Mwanafunzi asiyeona ameweka kalamu chini hadi dakika ya 19." Na katika safu ya kulia: "Mchoro haukuelezwa kwa maneno." Hukumu humfungia mwanafunzi mlango, maelezo ya namna hii humwonyesha mwalimu pa kurekebisha. Katika kipindi cha dakika 40, dakika 7 si haba. Zikipotea hivyo siku baada ya siku kwa miaka 4, matokeo ya Kidato cha Nne yataonyesha kushindwa ambako watu watakuhesabu kuwa ni matunda ya ulemavu, kumbe chanzo chake ni mchoro usioelezwa.

Adabu nayo ni sehemu ya kazi hii. Mwanachuo ajitambulishe, aeleze kilichomleta, wala asiandike majina ya wanafunzi daftarini. Asishike fimbo nyeupe wala mashine ya mtu bila ruhusa. Asimfanyie mwanafunzi kazi anayoiweza mwenyewe, hata kama huruma inamsukuma. Mwanafunzi wa sekondari ni kijana anayejua akitazamwa kama mwanafunzi na akitazamwa kama kioja.

Baada ya kipindi, mwanachuo aketi na mwalimu wa somo, na mwalimu wa elimu maalumu akiwapo. Inafaa sana pia kumwuliza mwanafunzi mwenyewe, kwa faragha na kwa hiari yake: "Leo ni wapi somo lilikupotea?" Mara nyingi jibu lake litakuwa fupi na lenye faida kuliko kurasa nyingi za daftari.

Mwisho, utazamaji uzae tendo. Kila mwanachuo aandae upya somo alilolitazama, akibadilisha mambo mawili au matatu tu: maneno ya kueleza mchoro, kimya cha kuandikia, mahali pa kusimama. Mkufunzi atakaposahihisha andalio hilo, atatambua mara moja kama mwanachuo alitazama ulemavu au alitazama ufundishaji.