Ukiacha nyama Mirongo, sahani ijazwe na nini?

Watu wa Mirongo, jijini Mwanza, wanaacha nyama kwa sababu tofauti. Mmoja kaambiwa na daktari presha imepanda, mwingine ni Msabato aliyeamua kuishika imani yake hadi mezani, na wa tatu bei ya bucha imemshinda. Wote wakiketi mbele ya ugali wa udaga na mchuzi wa nyanya, chakula chao kimetokana na mimea mitupu. Hata hivyo ni mlo duni, kwa sababu udaga ni muhogo, nao karibu hauna protini, na nyanya mbili haziwezi kuufidia.

Sababu za kupunguza nyama zipo, tena nzito. Mwaka 2015, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwamo, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Gramu 50 za nyama hizo kila siku huongeza uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Nyama nyekundu, yaani ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na hata kitimoto, iliwekwa kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kuisababisha. Wataalamu wa saratani hushauri isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikiwa imeshapikwa. Anayefungua siku kwa supu na kuifunga kwa nyama choma hukimaliza kiwango hicho wiki ikiwa bado mbichi.

Je, aiache kabisa? Hapa kuna utafiti ambao watu wa kanda ya ziwa wangepaswa kuusikia. Huko Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda waliwafuatilia Wasabato zaidi ya 73,000, na mwaka 2013 wakatoa matokeo: wasiokula nyama walikuwa na vifo pungufu kwa takriban asilimia 12 kuliko wanaokula. Lakini katika makundi yote ya wasiokula nyama, waliofanya vizuri zaidi ni wale walioendelea kula samaki. Wasabato wengi hawavuti sigara wala kunywa pombe, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kubebwa mzimamzima na kutwikwa kila mtu. Kwangu, hata hivyo, yanatosha kumwambia mkazi wa Mwanza kwamba kuacha nyama ya ng'ombe hakumlazimu kulipa ziwa kisogo.

Ushahidi mwingine umetoka Kilimanjaro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 uliwashirikisha wanaume 77. Waliokuwa wakila vyakula vya asili, ndizi, kunde na mboga za majani, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye mlo wa kizungu wenye soseji, mkate mweupe na chipsi. Dalili za inflamesheni, ule mwako wa kinga ya mwili unaohusishwa na magonjwa ya moyo na kisukari, zikapanda kwenye damu yao. Kwa waliotoka mlo wa kizungu kwenda wa asili, zikashuka.

Anayetaka kuacha nyama, samaki, mayai na maziwa vyote kwa pamoja ajue jambo moja lisilo na mjadala: vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Hutengenezwa na bakteria, wakiwamo wa tumboni mwa ng'ombe, na sisi huipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Ini huweka akiba ya miaka, ndiyo maana upungufu hujitokeza kwa kuchelewa: ganzi miguuni, uchovu, damu kupungua. Mtu huyo anahitaji vidonge vya B12. Familia za Kihindu za Mwanza zisizogusa nyama huipata kwenye maziwa na mtindi, na protini zao hutoka kwenye dengu na choroko.

Madini ya chuma yamo kwenye maharage, choroko na mchicha, ila mwili huyachukua kwa shida kuliko ya kwenye nyama. Loweka maharage usiku kucha na umwage maji yake, kamulia limau kwenye mboga, kula pera au embe. Chai isubiri saa moja baada ya kula, maana huyazuia madini hayo yasifyonzwe.

Watoto na wajawazito ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Hao kula nyama nyingi si tatizo lao. Dagaa mkavu aliyeanikwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake, mlaji hupata pia kalsiamu. Yupo tele soko la Mwaloni, Kirumba. Wasagie watoto dagaa, uchanganye kwenye uji au mboga. Na siku nyama inapopikwa, finyango zisiishie kwa baba huku mtoto akimwagiwa mchuzi, kwa sababu protini na madini ya chuma hubaki kwenye finyango.