Picha Zilizoshika Rekodi, na Nyingi ni za Watoto

Ukizipanga picha za kidijitali zilizoweka rekodi, huwakuti wafalme wala vita. Ya kwanza kabisa ni ya kichanga.

Mwaka 1957, nchini Marekani, Russell Kirsch aliskani picha ya mwanawe Walden, mtoto wa miezi mitatu. Picha yenyewe ilikuwa na sentimita 5 kila upande. Kompyuta ikaikata kuwa miraba 176 kwa 176, yaani nukta 30,976 tu. Isogeze karibu na macho, shavu la mtoto linageuka ngazi. Kirsch mwenyewe uzeeni alikuwa bado anajutia ile miraba.

Kwa uzito na ukawiaji, taji ni la kamera ya Steven Sasson wa Kodak, 1975: kilo 3.6, na sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, zile zile za muziki. Picha yake ya kwanza ya mtu ilitoa nywele vizuri, uso ukavurugika.

Kwa picha ya kutumwa kwa simu, mimi nampa ushindi Philippe Kahn. Tarehe 11 Juni 1997, mkewe akiwa na uchungu wa kujifungua huko Santa Cruz, California, yeye alikuwa palepale hospitalini akiunganisha kamera, kompyuta ya mapajani na simu kwa nyaya. Binti yao Sophie alipozaliwa, picha yake iliwafikia watu zaidi ya 2,000 papo hapo. Sijui mkewe alisema nini kuhusu hizo nyaya.

Kwa kupendwa Instagram, Kylie Jenner aliongoza kwa picha ya bintiye mchanga, iliyopendwa mara takriban milioni 18, hadi Januari 2019 alipopitwa na yai. Ndiyo, yai la kuku. Nalo likapitwa na Messi mwaka 2022, na Kombe la Dunia mkononi.

Na faili linaloongoza kwa uongo? Unalo kwenye simu yako. Kwenye Android, jina kama IMG-20240310-WA0007 linataja siku picha ilipopita WhatsApp, si siku ilipopigwa. Harusi ya babu ya 1983, shangazi akiituma leo kwenye grupu la ukoo, inaingia na tarehe ya leo. Hata picha iliyopigwa kwa simu hupoteza humo tarehe na mahali ilipopigwa. Ya namna hiyo, mwambie shangazi aitume kama hati, isivipoteze.