Gari Kuukuu Lihukumiwe kwa Moshi, Si kwa Umri

Wazee wetu walisema, pafukapo moshi pana moto. Katika motokaa ya dizeli methali hiyo yapasa kugeuzwa kidogo: moshi mweusi ukifuka, fahamu kwamba moto haukutimia. Mafuta yaliyoingia katika injini hayakupata hewa ya kuyatosha, hayakuungua yakaisha, na masalio yake yametoka kwa bomba la ekzosi yakiwa masizi. Kwa hiyo mtu anayeacha wingu jeusi nyuma ya gari lake anaitupa njiani fedha aliyoilipa kwenye kituo cha mafuta, tena anawagawia jirani zake maradhi wasiyoyaomba.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Arusha na viunga vya Mlima Meru. Land Rover na Land Cruiser zilizochakaa katika kazi ya kupeleka watalii mbugani huuzwa, nazo huanza maisha ya pili vijijini. Ndizo, pamoja na malori madogo, ziletazo nyanya kutoka Ngarenanyuki na ndizi kutoka miteremkoni hata soko la Kilombero. Wenye magari haya wengi si matajiri. Ni watu waliochangishana, au waliokopa katika chama cha akiba na mikopo, wakanunua gari moja lenye umri mkubwa kuliko utingo wake. Karo ya watoto imo humo, na posho ya nyumbani imo humo. Ndiyo sababu neno la kupima moshi likitajwa, wao husikia neno jingine: kunyang'anywa.

Hofu hiyo twaielewa. Lakini twasema, gari kuukuu la dizeli laweza kufaulu kipimo cha moshi, mradi mwenyewe akubali kulitibu na wala si kulipamba. Na Serikali nayo ina wajibu wa kupima kwa haki.

Nchini kwetu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilipitishwa mwaka 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa zikafuata mwaka 2007. Askari wa Usalama Barabarani wanayo mamlaka ya kukagua magari mabovu. Hata hivyo, njiani moshi hutazamwa kwa macho zaidi ya kupimwa kwa mtambo. Macho hayana namba, na palipo na hukumu isiyo na namba pana mlango wa upendeleo na wa rushwa. Wenzetu wa Rwanda walianza mwaka 2025 kupima moshi wa magari kwa mitambo. Hapana shaka siku moja nasi tutafika huko, na heri mfanyakazi ajue mapema kipimo hicho ni kitu gani.

Mtambo wenyewe si wa kuogofya. Bomba dogo huingizwa katika ekzosi, na moshi hupitishwa mbele ya taa. Kadiri moshi ulivyo mzito, ndivyo unavyouziba mwanga, na mtambo huandika namba. Kabla ya kupima, injini lazima iwe imepata moto sawasawa, kiasi cha nyuzi 80. Ndipo fundi hukanyaga mafuta kwa haraka mpaka injini ifikie mwisho wa mbio zake, akaachia, akarudia si chini ya mara tatu, na wastani ndio hukumu. Huko Ulaya magari ya dizeli ya miaka ya nyuma huruhusiwa kufika 2.5 yasipokuwa na turbo, na 3.0 yakiwa nayo. Angalieni kwamba kipimo hicho hakidai gari kuukuu liwe kama jipya. Kinalidai liwe zima kwa kadiri ya jinsi lilivyoundwa.

Sasa, Arusha ina taabu yake ambayo Dar es Salaam haina. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu 15 katika 100. Injini isiyo na turbo huvuta hewa ile iliyopo, haina njia ya kujiongezea. Basi pampu iliyopimwa pwani huleta mafuta ya pwani, na mlima huleta hewa ya mlima; vitu hivyo viwili havilingani, na tofauti yake ndiyo moshi mnaouona gari likipanda. Zaidi ya hayo kuna vumbi. Upande wa kaskazini wa Meru ardhi ni ya majivu ya volkano, laini kama unga, nayo huziba chujio la hewa upesi mno.

Kwa hiyo dawa yaanzia kwenye chujio, kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Lisafishwe, na likiwa limekwisha libadilishwe. Kisha nozeli zitolewe zikapimwe juu ya meza ya fundi: nozeli nzima hupuliza mafuta kama ukungu, na nozeli iliyolika hudondosha matone, na tone haliungui likaisha. Kisha pampu itazamwe na fundi wa pampu, si kila mwenye spana, apunguze mafuta yalingane na hewa ya huku juu, na kurekebisha majira ya kuyaingiza. Nafasi za valvu zipimwe. Kwenye gari la turbo, mipira ya hewa ikaguliwe isiwe na tundu. Rangi ya moshi nayo ni mwalimu: mweusi wasema mafuta yamezidi au hewa imepungua, wa bluu wasema oili inaungua, pengine ringi zimekwisha, mweupe usiokoma hata injini ikipata moto wasema dizeli inatoka bila kuungua, au maji yanaingia pasipo pake.

Siku ya kupimwa gari lisiamshwe barazani na kupelekwa likiwa baridi. Liendeshwe kwanza likiwa na kazi ya kutosha. Kutoka Usa River kuja mjini, mwendo wa kilomita 20 hivi wa kupanda taratibu, wafaa kabisa: injini hupata moto, na masizi yaliyolala katika bomba hutoka.

Hapa ndipo panapotenganisha uaminifu na hila. Katika pampu iko skrubu ya kiasi cha mafuta. Fundi akiipunguza gari lipate kuungua safi, kisha dereva akakubali kupakia kwa kiasi na kupanda mlima kwa gia ndogo, hiyo ni tiba. Lakini wako watakaoipunguza asubuhi ya ukaguzi na kuirudisha jioni ili gari lipate nguvu. Skrubu ni ile ile. Tofauti ni dhamira. Mtu wa namna hiyo amemdanganya mkaguzi siku moja, na jirani zake mwaka mzima. Wala asifikiri hila hii ni werevu wa maskini. Mwezi wa Septemba 2015 ulimwengu uligundua kwamba kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilitia katika magari ya dizeli yapatayo milioni 11 programu iliyotambua kwamba gari linapimwa, ikasafisha moshi kwa muda huo tu. Tajiri alifanya kwa kompyuta, na mnyonge akifanya kwa bisibisi kosa ni moja. Mficha maradhi kifo humfichua.

Nacho kifo hapa si neno la kutia chumvi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Anayeuvuta wa kwanza ni dereva mwenyewe na utingo wake. Wa pili ni mama auzaye mboga kando ya barabara, na askari asimamaye njia panda tangu alfajiri. Wa tatu ni mtoto aendaye shule kwa miguu, ambaye pua yake iko karibu na kimo cha ekzosi kuliko yetu sote.

Lakini haitakuwa haki kumbebesha mwenye gari mzigo wote. Mafuta nayo yana neno. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Arusha, zilihamia kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Kabla ya hapo, mwaka 2010, EWURA ilianza kutia alama katika mafuta ili kuwanasa wachakachuaji, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuyachanganya na dizeli ipotee. Hatua hizo zilikuwa njema, na yapasa zilindwe bila kuchoka. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli. Pampu na nozeli hulika, na anayekamatwa na moshi ni mkulima wa nyanya, si aliyechanganya.

Basi twaomba mambo matatu. La kwanza, siku mtambo utakapoletwa, namba isomwe mbele ya mwenye gari na apewe karatasi yake, ili asihukumiwe kwa uso wake wala kwa umri wa gari. La pili, anayeshindwa apewe muda wa kutengeneza kabla ya kutozwa faini, maana fedha ya faini ndiyo ile ile ya kununulia nozeli. La tatu, ukaguzi uanze na magari ya ofisi, ya umma na ya Chama pia. Kiongozi apitaye na wingu jeusi nyuma yake hana kinywa cha kumwonya mwenye lori.

Wananchi wa Meru wanajua maana ya kudai haki ya wote. Walipofukuzwa katika ardhi yao ya Ngarenanyuki mwaka 1951, Ndugu Kirilo Japhet alikipeleka kilio chao mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Ardhi ile ilikuwa urithi wao. Hewa ya mlima huu nayo ni urithi wetu, na hakuna mkoloni wa kulaumiwa kwa masizi tunayoyatia ndani yake. Ndugu dereva, kabla ya kungoja mtambo wa Serikali, fungua boneti leo ukatazame chujio lako la hewa.