Je, Wajua? Kuvuta ni Rahisi, Kazi ni Kusimama

Oktoba 2012, mjini Los Angeles, pikapu ya Toyota Tundra ilivuta chombo cha anga cha Endeavour darajani. Pamoja na kibebeo chake, mzigo ulizidi tani 100. Uwezo rasmi wa pikapu hiyo haufiki tani 5! Basi anayechagua gari la kukokota trela yenye gari la mashindano kwa kuangalia nguvu za injini pekee amekosea kipimo. Endeavour ilikwenda polepole, barabara imefungwa. Lakini ukienda kilomita 100 kwa saa, breki hukabili nishati mara 4 ya ile ya kilomita 50.

Utasema trela ina breki zake. Kweli, lakini breki hazizuii trela kuanza kuyumba uzito ukilemea nyuma ya ekseli. Marekani hushauri asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela ilalie kwenye kiungo chake na gari. Porsche 911, yenye injini nyuma, huenda ikafaa kupakiwa kinyumenyume, ili injini ikae upande wa mbele wa trela. Uzito unaolalia kiungo hubebwa na gari linalovuta, kwa hiyo tafuta lililo zito, refu kati ya ekseli zake. Mafuta litakunywa, hilo halina ubishi.